Unga Usiopungua

Kila asubuhi Vahida alichota unga kidogo kutoka kwenye ile chupa, na kila asubuhi aliikuta imejaa vilevile. Ungekuwa unga wa kupikia angemshukuru Mungu akanyamaza. Huu ulikuwa unga wa kulinganishia: dawa ya moyo iliyo safi kabisa, na vidonge vyote vilivyoletwa kwenye maabara yao pale Sarajevo vilipimwa kwa huo. Vikifanana nao, vinapita. Unga wenyewe hakuna aliyeupima. Aupime kwa kitu gani?

Alimshuku Nedim, mwenzake wa meza ya pili.

"We Nedim, unanijazia nini humu?"

"Mimi? Dada, hata kikombe changu cha kahawa unanijazia wewe!"

"Usinichekeshe. Mama yangu anameza vidonge tulivyovipitisha hapa, na anazidi kulegea. Hata kitandani hashuki tena."

Nedim aliacha kucheka. Aliisogeza chupa sikioni, akairudisha mezani upesi.

"Kuna kitu kinakwaruza," alinong'ona.

Vahida naye akasikiliza, akasikia kucha ndogo zikikwaruza kioo kwa ndani, taratibu, na alipofungua kizibo ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, ikamfuata dirishani, ikamfuata koridoni, ikamfuata hadi mezani alipoketi kula, akaogopa kweli, akaogopa hata kumtazama Nedim usoni asije akamkuta si yeye.

Wakamwita Bula Hatka, mama anayeondoa hofu za watu kwa kuyeyusha madini ya risasi. Alikuja mchana, mkuu wao alipotoka kunywa kahawa. Akaifunika chupa kwa kitambaa, akashika bakuli la maji juu yake, akamimina risasi ya moto. Maji yakapiga kelele. Bula akaikodolea macho ile risasi iliyoganda.

"Nani alimwaga maji ya moto kwenye sinki bila kusema bismillahi?"

Nedim aliinamisha kichwa.

"Umemuunguzia jini mtoto wake," alisema Bula, akafunua kitambaa. Chupa ilikuwa tupu. Vahida akaangua kilio cha furaha.

"Subiri kufurahi, binti. Humu huyo jini alikuwa anatoa ushahidi wa uongo tu. Vidonge alivyovishuhudia kuwa safi, mwenyewe akiingia navyo, viko wapi?"

Vahida alikimbia hadi nyumbani. Kabla hajagonga, mlango ulifunguliwa. Mama yake alikuwa amesimama wima, amevaa vizuri, mashavu yamemwiva.

"Ingia, mwanangu," alisema kwa upole. "Na yule aliyemuunguza mwanangu mwingine, umemwacha wapi?"