Simu Isiyolia

Kila siku Sally alipotoka shule na kufika nyumbani, mtaa wa Mowlem, kazi yake ya kwanza haikuwa kula. Alinawa mikono, akamwambia nyanya yake, Shosho Jecinta, ainue uso, kisha akamdondoshea dawa, tone moja katika kila jicho. Shosho alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto liliona ukungu tu, na la kulia lilikuwa likififia kidogokidogo. Alikuwa ameandikishwa kufanyiwa upasuaji katika hospitali moja mjini, akaambiwa asubiri nyumbani. Kitanda kikipatikana, angepigiwa simu.

Simu yenyewe ilikuwa kabambe ya zamani, ya vitufe, na betri yake ilikuwa imevimba. Ilizimika ovyo. Ndipo Anti Roseline, binti wa Shosho aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipoamua kumtumia mama yake simu mpya yenye kioo kikubwa. Kabla ya kuinunua alimwandikia dada yake Teresiah, mama yake Sally:

"Nimepata simu nzuri, lakini sijui kama itakubali laini za huko. Nyingine hufungwa zitumike na kampuni za huku peke yake. Nimekuandikia jina lake kamili. Ulizeni fundi, mnijibu kabla sijailipia."

Teresiah alishona nguo katika karakana moja kwenye barabara ya Jogoo, na alirudi jioni fundi akiwa amekwisha kufunga. Aliandika jina la simu kwenye karatasi, akampa Sally.

"Kesho ukitoka shule, nenda kwa Hibaq, yule fundi wa simu karibu na steji ya matatu. Muulize vizuri, na umsikilize mpaka mwisho."

Kesho yake Sally alienda, lakini hakufika. Uwanjani alimkuta rafiki yake Iqra na wasichana wengine wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira.

"Sally, niaje? Tumekosa mtu mmoja," Iqra alimwambia.

Sally alisukuma karatasi mfukoni, akaingia mchezoni. Mchezo ulipokwisha, kibanda cha Hibaq kilikuwa kimefungwa.

"Ulimpata Hibaq?" mama yake aliuliza jioni.

"Ndiyo, Mum."

"Alisema nini?"

"Alisema itashika."

Teresiah akamwandikia dada yake maneno hayo. Sally alijiambia kwamba simu zote ni simu, basi.

Baada ya wiki tatu, mtu aliyekuja likizo kutoka Marekani aliileta. Shosho aliipapasa huku na huku akitabasamu. Sally alitoa laini katika kabambe, akaitia katika simu mpya, akaiwasha. Maandishi ya Kiingereza yakatokea. Yalisema kwamba laini hiyo haikubaliki. Sally aliyasoma mara mbili.

"Inasema nini?" Shosho aliuliza.

"Inajiandaa tu, Shosho."

Akayafuta kwa kidole. Kisha akaiunganisha na waifai ya ploti, iliyotumiwa na wapangaji wote, na muda si mrefu Anti Roseline akapiga kwa WhatsApp. Uso wake ulijaa kwenye kioo. Shosho alisogeza simu karibu na jicho la kulia, akacheka kwa furaha. "Sasa nakuona," alisema. Isipokuwa Sally, hakuna aliyejua kwamba simu ile ingepokea za WhatsApp tu, na kwamba mtu akipiga kwa laini ya kawaida hangepatikana.

Siku chache baadaye Teresiah aliuliza, "Mbona nikimpigia Mami nikiwa kazini haingii?"

"Mtandao wa huku umekuwa mbaya," Sally alijibu.

Kabambe ilikuwa bado kabatini. Kila alasiri Sally alifikiria kuirudishia laini, lakini Shosho angeuliza sababu, na sababu hiyo ingemfikisha kwenye uongo wa kwanza. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi. Shosho naye alishinda ameshika simu mapajani, akingoja ilie.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja Shosho alimimina chai mezani, kando kabisa ya kikombe. Teresiah aliona, akaomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali kuuliza. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, Sally alienda nao.

Nesi alifungua faili, akakunja uso. "Tulikupigia Jumanne ya wiki iliyopita, Jumatano, tena Ijumaa. Hukupatikana. Kitanda tulimpa mgonjwa mwingine."

"Simu haijalia hata mara moja," Shosho alisema. "Ninayo mkononi usiku na mchana."

"Pole, mama. Nafasi nyingine ni baada ya wiki saba."

Shosho alipapasa ukuta akitafuta mlango, na Sally hakuthubutu kumshika mkono.

Walipofika Mowlem, Teresiah alikwenda moja kwa moja kwa Hibaq, Sally akimfuata nyuma. Hibaq alitia laini yake mwenyewe katika ile simu. Maandishi yaleyale yakatokea.

"Hii imefungwa na kampuni iliyoiuza," Hibaq alisema. "Haiwezi kushika laini ya hapa mpaka wao wenyewe waifungue. Ingefaa muulize kabla ya kununua."

"Lakini tuliuliza," Teresiah alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. "Nilimtuma mtoto huyu hapa, ukamwambia itashika. Mama yangu amekosa kitanda hospitalini kwa ajili ya neno lako."

Hibaq alimtazama Sally, akijaribu kukumbuka. Kisha akainamisha kichwa. "Wanaokuja hapa ni wengi. Huenda nilijibu haraka bila kuangalia. Kama ni hivyo, nisamehe, mama."

Sally angeweza kunyamaza, na mambo yangeishia hapo.

"Hukukosea," alimwambia Hibaq. "Sikuja. Nilienda kucheza. Na siku simu ilipokataa laini niliona, nikanyamaza."

Teresiah hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akafunika uso kwa viganja. Hilo lilimuuma Sally kuliko kofi.

Anti Roseline aliwaomba wale waliomuuzia simu waifungue. Walikataa. Hibaq alitafuta betri nyingine ya ile kabambe, akairudishia laini, na baada ya wiki saba ikalia. Shosho alifanyiwa upasuaji.

Bandeji zilipotolewa, daktari alisema jicho la kulia litabaki na uwezo uliosalia, lakini la kushoto halitaona tena hata mwanga.

"Kama angekuja siku ile ya kwanza mliyompigia, lingeona?" Sally aliuliza.

Daktari alimtazama Teresiah, kisha akamrudia Sally. "Siwezi kukwambia ndiyo, na siwezi kukwambia hapana. Ninachojua ni kwamba ugonjwa huu haungoji, na kilichopotea haturudishi."

Daktari alipoondoka, Sally alilia kimyakimya kando ya kitanda. Shosho alinyoosha mkono hewani mpaka akalipata bega lake.

"Kwa Hibaq ulisema kweli ulipokuwa na njia ya kuponyoka," alisema. "Mama yako aliniambia, na nimekusamehe. Lakini nataka uelewe hesabu yake, Sally. Ungesema 'sikuenda' jioni ile ya kwanza, ungegombezwa kidogo, ukaenda kesho yake. Ungesema siku laini ilipokataa, tungeirudisha katika kabambe palepale. Kila siku ulikuwa na nafasi, na kila siku ukweli ulizidi kuwa mzito. Ukitumwa, nenda. Usipoenda, sema. Watu hupanga maisha yao kwa jibu utakalowapa."

"Nimesikia, Shosho."

"Mimi kukusamehe hakurudishi jicho. Hilo tutaishi nalo sote wawili," Shosho alisema, akageuza uso ili aweze kumwona kwa jicho la kulia.