Ngitili ya Mzee Limbu Si Pori

Kila asubuhi Kabula alikamua ng'ombe sita. Alijaza maziwa kwenye ndoo mbili, akazifunga kwenye baiskeli, akaisukuma hadi Somanda, mjini Bariadi, kuuza. Njiani alipita kwenye ngitili ya familia. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kisha ng'ombe wayale kiangazi.

Ngitili hiyo waliachiwa na baba mkwe wake, Mzee Limbu. Na Mzee Limbu mwenyewe alikuwa amelala humo humo, ndani ya zizi la zamani, kama wazee wengi wa Kisukuma walivyozikwa. Hapakuwa na msalaba wala saruji. Palikuwa na jiwe moja tu, na wenye kujua walijua.

Wakati huo Bariadi ilikuwa imeshafanywa makao makuu ya mkoa. Biashara zilikuwa huru, na kila mwenye fedha alitafuta eneo la kujenga. Mpaka wa mji ukasogezwa. Basi kina Kabula walilala wanakijiji, wakaamka watu wa mjini!

Siku moja Kabula alikuta watu wamejaa mbele ya ofisi ya kata. Karatasi kubwa ya mchoro ilikuwa imebandikwa ukutani, na tangazo chini yake. Kabula alijifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo alisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Rasimu ya mchoro wa mipango miji. Maduka chini, nyumba za kuishi juu."

Vizuri, alijisemea. Kisha akaona kona ya mto. Kona hiyo aliijua. Akaona mawe matatu ya mpakani. Nayo aliyajua. Lo! Hii si ngitili yetu? Katikati paliandikwa: PORI, HALINA MTUMIAJI. Na pale penye zizi la zamani palichorwa kisanduku kidogo. Alisogeza uso, akasoma tena na tena.

CHOO CHA UMMA.

"Mama yangu wee!" alipiga kelele. Baiskeli ilimponyoka ikaanguka, na maziwa yote yakamwagika. Hakuyatazama hata mara moja.

Nyumbani alimkuta mumewe, Ndalahwa, akisokota kamba.

"Baba Shija! Wanataka kujenga choo juu ya baba mkwe!"

Ndalahwa alicheka. "Mke wangu, jua limekupiga?"

"Nimesoma kwa macho yangu! Ngitili yote wameigawa. Wameandika ni pori, halina mtu. Nani kawaambia?"

Kicheko kilikatika. Ndalahwa aliinama, akaitazama kamba yake.

"Baba Shija, nakuuliza. Nani kawaambia?"

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Kabula alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Walikuja vijana wa upimaji na fomu," Ndalahwa alieleza. "Wakauliza hapa pana nini, na nina ng'ombe wangapi. Nikasema ni pori tu, ng'ombe hakuna. Mtu hataji hesabu ya ng'ombe wake mbele ya wageni, mama Shija. Ni mkosi! Na kaburi la mzee nimwonyeshe kijana mwenye miwani ya jua?"

"Basi umemfukuza baba yako kwa mdomo wako!" Kabula alilia. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kumwambia mumewe neno kali kama hilo.

Kelele zao zilimfikia jirani yao, Kasmiri. Zamani alikuwa kibarua wa wapima ardhi, akishika mnyororo wa kupimia. Alisikiliza yote, pamoja na habari ya maziwa, kisha akatikisa kichwa.

"Ng'wana Limbu, mficha uchi hazai," alisema, akimwita Ndalahwa kwa jina la baba yake. "Mpimaji si mganga. Anaandika anachoambiwa. Ukisema pori, anachora pori."

"Maji yameshamwagika," alisema Ndalahwa.

"Maziwa ndiyo yamemwagika, ya mkeo. Huo mchoro bado ni rasimu. Mpaka wa mji kusogea hakukunyang'anyi shamba lako. Lakini lazima ujulikane kwamba upo. Mama Shija, tangazo lilisema nini chini?"

Kabula alifuta machozi, akakumbuka. "Maoni na mapingamizi yatapokelewa ndani ya siku thelathini. Halafu kuna mkutano."

"Basi andikeni barua ya pingamizi. Semeni mnatumia ardhi hiyo kwa nini na tangu lini. Tajeni majirani wa mpakani wawe mashahidi. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri. Na mkutanoni usinong'one, ng'wana Limbu. Sema!"

Kabula aliandika barua mwenyewe. Majirani wawili walitia saini.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Afisa mipango miji, Bi Jenifer, alisoma barua, kisha akafungua fomu ya zamani.

"Mzee, hapa ulisema hakuna ng'ombe. Sasa tuandike wangapi?"

Wazee waliinamisha vichwa kwa aibu, maana swali hilo haliulizwi. Kabula alimwona Ndalahwa akikunja ngumi na kuikunjua. Asiposema leo, choo kitajengwa.

"Arobaini na saba," alisema Ndalahwa. "Na baba yangu amezikwa humo. Nitawaonyesha jiwe."

Kabula aliziba mdomo kwa mkono. Arobaini na saba! Yeye alijua wale anaowakamua, na kwamba wengine wako kwa mjomba Zagayu. Hesabu yenyewe hakuwahi kuisikia.

Wiki iliyofuata Bi Jenifer alifika kwenye ngitili. Ndalahwa alivua kofia, akamwonyesha jiwe.

Mchoro mpya ulipobandikwa, Kabula aliusoma kwa sauti, watu wakimsikiliza. Maduka na nyumba vilihamishiwa kando ya barabara. Choo kilipelekwa mbali. Penye ngitili paliandikwa: MALISHO. Na penye zizi la zamani: KABURI.

Wakiwa njiani kurudi, Kabula alimtania mumewe. "Miaka kumi na tisa nakamua, kumbe ni mke wa mtu mwenye ng'ombe arobaini na saba!"

Ndalahwa akasema, bila kuulizwa:

"Arobaini na nane. Yule mweupe kazaa jana."