Usiitike, Colombe

Makala, yale makaa ya kupikia, yaliisha jua likizama, na Joviale akalaani. Ungelaani wewe pia. Bukavu ya mwaka wa tisini na tisa, saa hiyo hakuna aliyetoka nyumbani, mtaani Kadutu, kwa kupenda. Kila kona ilikuwa na askari, na kila kona na jeshi lake. Lakini maharagwe mabichi hayaliwi. Alimfunga binti yake mgongoni kwa kitenge, akashuka ngazi za udongo kwenda kwa Agnès, muuza makala.

Binti aliitwa Colombe. Mtaani kwao lilikuwa jina la kila nyumba. Firmin, baba wa mtoto, mwalimu aliyekwenda Mwenga akamezwa na njia, alipenda kulieleza: neno lenye asili ya Kilatini, maana yake njiwa, ndege wa amani, hata mtakatifu wa jina hilo yupo. Watu walitikisa kichwa kwa heshima. Wanawake, wao, walijua lilikotoka. Vita vya kwanza vilipoingia mjini, mkunga mmoja alibaki kwenye maternité, hospitali ya uzazi, wenzake wote wamekimbia. Hakutaka sabuni, hakutaka kuku. Alitaka tu kila mtoto wa kike atakayempokea apewe jina lake yeye, Colombe. Amani yenyewe ilikuwa imekimbia mji. Nani angekataa jina la amani? Basi akina Colombe wakajaa, hata padri akawa anacheka akibatiza.

Sasa walikuwa wanapungua.

Agnès alipima makala bila kuinua macho. Colombe wake alikuwa amezikwa Jumamosi. Homa, walisema watu, na mwaka ule hakuna aliyeuliza zaidi. Lakini Agnès alimvuta Joviale karibu na ukuta, akanong'ona kwamba kabla ya homa alikuja mwanamke mlangoni, magharibi kama hii, akimwulizia mtoto kwa kumwita "jina yangu", kama watu wa jina moja wanavyoitana. Na mtu wa jina hafukuzwi. Agnès alimkaribisha, akampa mtoto ampakate.

"Ilikuwa ule mukunga," alisema. "Risasi ilimuua siku vita iliingia. Sisi tulikuwa hatuyazala bado. Sasa nani alituzalisha?"

Joviale alimkaza mtoto mgongoni. Agnès alimshauri jambo moja tu: mtoto apewe jina lingine, leo hii, na yule mtu akija, akataliwe.

Njia ya kurudi ilikuwa tupu. Joviale alimwambia mtoto kwamba kuanzia sasa yeye ni Bintu, kama bibi yake wa kule Mudaka. Mtoto akacheka mgongoni, "Bintu, Bintu," akadhani ni mchezo.

"Mutu akiita Colombe, usiitike," Joviale alinong'ona. "Umesikia? Usiitike."

Kisha harufu...

Si ya moshi, si ya jalala. Alkoli ya maternité, na ndani yake, damu.

Pa... pa... pa. Miguu mitupu, nyuma yao.

Joviale hakugeuka. Ile miguu ikampita, ikasimama mbele. Alikuwa mwanamke wa blauzi nyeupe, kitambaa kichwani, uso wa upole kabisa. Upole ule ndio uliomtisha.

"Bonsoir, mama Colombe. Jina yangu iko wapi?"

Mtoto akatulia mgongoni.

"Huyu haiko jina yako," Joviale alisema. "Huyu iko Bintu."

"Bintu..." Mwanamke alilirudia polepole. Hakukasirika. "Basi unirudishie ile yangu."

Laiti angenyamaza! Lakini mama mwenye hofu atapima maneno na nini? Alijibu upesi, kama mtu anayemtupia mwizi mfuko ili aachiwe roho.

"Kamata yako. Uende."

"Aksanti."

Na njia ikawa tupu.

Joviale alikimbia akilia kwa furaha. Amekataa, na mtoto wake yuko mgongoni, mzito, mwenye joto! Alifunga mlango, akawasha mbabula, jiko la makala, akamkalisha mtoto kando ya makaa. Akamwita Bintu. Mtoto alitazama moto. Akamwita tena, akampigia makofi karibu na sikio. Alipepesa macho, basi. Ndipo akalinong'ona jina lile la zamani.

"Colombe..."

"Mama!"

Sauti ilitoka nje.

Mtoto hakufa. Alikula akilishwa, hata alikua, lakini hakugeuka kwa jina lolote la duniani. Agnès alipomwona alilia, akasema heri kaburi. Kanisani walibatizwa akina Colombe wengine, maana vita havikuisha na jina ni zuri. Majirani nao hawakuacha kumwita Joviale Mama Colombe, na kila mara ilimchoma.

Kila magharibi, akina mama wakiwaita watoto wao waingie ndani, Joviale naye alisimama mlangoni akaita. Sauti iliitika. Mwanzoni karibu na ukuta, kisha kwenye ngazi, kisha mbali zaidi, upande wa ziwa. Alijua hairudi. Aliita hivyo hivyo.

Jioni moja ya mvua aliita mpaka koo likamuuma. Hakuna kitu. Halafu, chini kabisa, karibu na maji, akamsikia binti yake anacheka.

"Mama," sauti ile ndogo ilisema, lakini haikuwa ikimwambia yeye. "Kuna mutu ananiita."

Na sauti nyingine ikajibu, kwa upole:

"Usiitike, jina yangu."