Kiti Alichokibuni Chiriku

Watu wa mtaani walimwita Fundi Milimita. Seremala huyu alipima kila kitu. Hata mkate wa asubuhi aliukagua kwanza kwa jicho moja, ndipo akaukata. Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kupata kipande kikubwa kuliko mwenzake.

Binti yake wa darasa la tatu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Siku moja alirudi kutoka shuleni akihema.

"Baba! Mwalimu wa sanaa ametupa kazi. Kila mtu abuni kitu cha kumsaidia mtu wa nyumbani. Ijumaa wazazi mje kuona. Mimi nimembunia Bibi kiti. Tazama!"

Fundi akavaa miwani. Kwenye karatasi palikuwa na kiti kirefu chenye mikono minene. Pembeni kilikuwa na kitu kama sikio.

"Hiki ni kiti au ng'ombe?" Akacheka hadi akashika mbavu. "Vipimo viko wapi? Ukipeleka hiki shuleni, utaniharibia jina. Niachie mimi."

Chiriku akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Jioni hiyo hakusema neno. Kesho yake pia alinyamaza. Penseli zake za rangi alizisukuma chini ya kitanda.

"Mbona Chiriku wetu kanyamaza?" Bibi akamuuliza mwanawe.

"Masomo yamemchosha, mama," Fundi akajibu, huku akipiga randa.

Ijumaa ikafika. Kiti cha Fundi kilikuwa kizuri kweli. Kilikuwa cha chini, kimelala nyuma, na vanishi yake iling'aa hadi unajiona uso. Wazazi wakapiga makofi. Fundi akatembea kifua mbele.

Mwalimu wa sanaa, mama mfupi mwenye rangi kwenye kucha, akamwinamia mtoto. "Ulikibuni vipi kiti hiki?"

Chiriku akatazama viatu vyake. "Muulize Baba. Mimi sijui kuchora."

"Hii ni kazi ya sita leo iliyofanywa na mzazi," mwalimu akasema kwa upole. "Haya, mwenye kiti na akikalie."

Bibi akakaa. Akazama humo, akastarehe. Shida ilikuja alipotaka kuinuka. Mara ya kwanza magoti yaligoma. Mara ya pili alipiga miguu hewani.

"Nyie, nishikeni!" akapiga kelele. "Mwanangu kanitegea mtego!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi na mwalimu mkuu wakamvuta Bibi kama watu wanaong'oa kisiki.

Chiriku akaitoa karatasi yake mfukoni, akampa mwalimu. "Bibi aliniambia viti vya chini vinamkamata. Ndiyo maana changu ni kirefu. Mikono ni ya kusukumia akitaka kusimama. Na hapa pembeni atatundika mkongojo wake, maana ukianguka hawezi kuinama."

Fundi aliona aibu. "Mwalimu, nimekosea wapi? Vipimo viko sawa."

"Umepima mbao, Fundi. Hukumuuliza mama. Kubuni huanza na kumuuliza atakayekitumia kitu. Kisha mtoto achore, ajaribu kwa maboksi, akosee, arekebishe. Katika kukosea ndimo anamojifunza kufikiri. Ukimfanyia, anajifunza jambo moja tu: kwamba yeye hawezi."

"Na nisipouelewa mchoro wake?"

"Usimcheke. Mwambie akueleze. Halafu wewe unyamaze, usikilize."

"Kunyamaza!" Bibi akadakia. "Huyu? Nimemlea, namjua."

Jumamosi asubuhi Fundi akamwita binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Chiriku akaenda kuleta maboksi na gundi. Kiti cha kwanza kilianguka. Cha pili kilikuwa kirefu mno, miguu ya Bibi ikaning'inia. Fundi alitamani kusema. Mikono ikamwasha, akaikalia. Alipofungua mdomo, Bibi akamkazia macho, akaufunga tena.

Kiti cha tatu kikamfaa Bibi.

"Sasa nikatie mbao, Baba," Chiriku akasema. Fundi akakata pale tu alipoonyeshwa. Binti akapiga msasa mwenyewe. Akapaka miguu ya kiti rangi ya njano na mgongo rangi ya zambarau. Fundi akameza mate, akanyamaza.

Bibi akakaa. Akaisukuma mikono ya kiti, akasimama bila kushikwa na mtu. Akakaa tena, akasimama tena, mara tano, huku akicheka.

"Nitachoka leo kwa kusimama!" akasema.

Chiriku naye maneno yakamrudia yote kwa pamoja. Aliongea hadi kuku wakahama ua. Kisha akachukua karatasi mpya, akachuchumaa mbele ya baba yake.

"Baba, sasa zamu yako. Ukikaa kufanya kazi, unaumia wapi?"

Fundi alikuwa amewatengenezea watu viti kwa miaka ishirini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hivyo. Machozi yakamlenga.

"Kiunoni, mwanangu," akasema. "Hapa."

Chiriku akapagusa kwa kidole, akaanza kuchora.