Mpishi wa Harusi Asomea Ualimu

Bi Batuli hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata chai ya asubuhi aliinywa akiwa wima, kikombe mkono huu, ufagio mkono ule. Baridi ya Iringa iliwafanya majirani wa mtaa wa Mshindo wajikunyate ndani mpaka jua litoke. Yeye, saa hiyo, alikuwa ameshafagia uwanja na ameshagombana na muuza maziwa.

“Mama Yasmini, kaa basi,” alisema mumewe Ibrahimu, ambaye alikuwa na duka la vitenge mjini. “Chai ya kusimama itaishia magotini.”

“Wanafunzi wangu wananingoja,” Batuli alijibu, na tayari alikuwa anajitanda mtandio.

Wanafunzi hao walikuwa vijana wa kituo cha ufundi kule Kihesa. Batuli alikuwa mpishi wa harusi tangu ujana wake. Wenye shughuli, kuanzia Iringa hadi Mbeya, walimtafuta yeye kabla ya kutafuta maturubai. Lakini moshi wa kuni ulianza kumsumbua kifua, na masufuria makubwa yalimuumiza mgongo. Kituo kilipokosa mwalimu wa mapishi, mkuu wake, Mwalimu Liberatus, alimwomba ashike darasa kwa muda. Batuli alikubali shingo upande. Haukupita muda mrefu akagundua jambo ambalo hakulitarajia. Alilipenda darasa lile kuliko harusi yoyote.

Siku hiyo, baada ya vipindi, Mwalimu Liberatus alimwita ofisini.

“Bi Batuli, wakaguzi wamepita. Wameuliza vyeti vya walimu wote.”

“Na mimi?”

“Nimewaambia ukweli. Umemaliza kidato cha nne, lakini huna cheti cha upishi wala cha ualimu. Wamesema mwakani huwezi kushika darasa hivyo ulivyo. Tusipopata mwalimu mwenye sifa, darasa la mapishi litafungwa.”

“Cheti kinajua kukaanga kitunguu?”

“Hakijui,” alisema Liberatus. “Lakini mzazi anayemleta mwanawe hapa hakujui wewe. Anataka kujua nani amekupima.”

Batuli alitoka bila kuaga. Alikwenda nyumbani kwa miguu, akiongea peke yake njia nzima.

Nyumbani alimkuta mumewe pamoja na shemeji yake, Mrisho, ambaye hakuwa na kazi maalumu ila alikuwa na rafiki kwa kila kazi. Alisikiliza habari yote, akacheka.

“Shemeji, unajitesa bure. Yuko jamaa yangu anatengeneza vyeti. Ukikiona utaapa kimetoka serikalini.”

Ukweli ni kwamba Batuli alishawishika. Alikwisha kuona jina lake kwenye karatasi yenye mhuri mwekundu, na Liberatus akiomba radhi.

“Mrisho!” Ibrahimu alifoka. “Njia ya mwongo ni fupi. Kughushi cheti ni kosa la jinai. Unataka mke wangu akapike jela?”

Sauti zilivuka ua wa michongoma. Upande wa pili aliishi Devota, mwalimu katika chuo cha ufundi stadi. Alichungulia.

“Hodi, majirani. Mnagombania nini?”

Batuli alimweleza yote. Huwa hapendi kueleza shida zake, lakini siku hiyo zilimwagika zenyewe. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

“Mbona njia ipo, Mama Yasmini?” Devota alisema. “Wewe ni mtaalamu wa kazi yako. Ulichokosa ni kutambuliwa tu. Unaweza kurasimisha ujuzi.”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Ni kwa watu waliojifunza kazi nje ya darasa. Fundi magari, fundi ujenzi, mpishi. Unajiandikisha. Watahini wanakuhoji, halafu unafanya kazi wanakuona. Wanapima unachojua na usichokijua. Usichokijua unafundishwa kwa muda mfupi, kisha ukifaulu unapata cheti. Hurudi kuanza mwanzo kama mtoto.”

“Na hicho kinanipa darasa langu?”

“Peke yake, hapana. Hicho kinasema unajua kupika. Kufundisha ni kazi nyingine, nayo inasomewa. Yapo mafunzo ya ualimu wa ufundi kwa watu kama wewe. Masharti nenda kaulize VETA, ofisi ya ufundi stadi. Usiulize kijiweni.” Alimtupia jicho Mrisho.

“Twende sasa hivi,” alisema Batuli.

“Saa hizi wameshafunga, mama.”

Batuli alijiandikisha, na siku ya upimaji akapika mbele ya watahini kama aliyeko jikoni kwake. Pilau, mchuzi wa nazi, sambusa. Walisifu mkono wake. Kisha mmoja akamuuliza, “Chakula kinachobaki unakihifadhije?”

“Changu hakibaki.”

Walicheka, lakini hawakumwachia. Walikuwa wameona kwamba alikatia kachumbari kwenye ubao ule ule aliokatia nyama mbichi. Wakamweleza kwamba vijidudu vya nyama mbichi huhamia kwenye kachumbari, na kachumbari haipikwi, kwa hiyo walaji wanaweza kuharisha. Batuli alikunja uso. Alizikumbuka harusi kadhaa ambazo wageni waliumwa tumbo, na yeye akawalaumu kwa ulafi. Basi akasoma yale mafunzo mafupi ya usafi, ya kuhifadhi chakula na ya kukadiria gharama. Alipopata cheti alikitundika sebuleni, akakitundua, akakitundika chumbani, kisha akakirudisha sebuleni.

Mafunzo ya ualimu yalimtesa kwa sababu moja: yalitaka akae. Alikaa. Alijifunza kuandaa somo, kuuliza maswali, na kumwacha mwanafunzi ashike mwiko mwenyewe. Hilo la mwisho lilimpa tabu kuliko yote. Mwanafunzi akikoroga polepole, mkono ulimwasha Batuli.

Zamu ya kufundisha kwa majaribio ilipofika, alipangiwa chuo kimoja Mbeya. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Lutengano, mzee mpole mwenye sauti ndogo. Alikaa nyuma ya jiko la mafunzo na kalamu yake.

Batuli alifundisha pilau. Alieleza vizuri, wanafunzi wakacheka na kuuliza. Vitunguu vikaiva, viungo vikanukia mpaka madarasa ya jirani. Ulipofika wakati wa kutia maji, alipiga makofi.

“Haya, nyote nendeni mkalete mkaa!”

Wakaenda wote. Waliporudi, maji yalikuwa yameshatiwa na mfuniko uko juu. Pilau ilitoka punje moja moja. Watu walikula wakalamba vidole. Lutengano naye alikula, akafuta mdomo, akasubiri wanafunzi watoke.

“Mama, pilau imefaulu,” alisema. “Somo halijafaulu.”

“Kwa nini?”

“Wanafunzi walikuwa wapi ulipopima maji?”

“Niliwatuma mkaa.”

“Mkaa huo hapo.”

Batuli aligeuka. Gunia la mkaa lilikuwa pembeni ya jiko, limejaa pomoni. Wala hakuwa ameliona. Akavuta kiti akakaa.

“Mimi nilifundishwa na mama yangu mkubwa, Bi Chiku,” alisema. “Naye alikuwa akitutuma hivyo hivyo. Maji, kuni, chochote. Nilijifunza kwa kuchungulia. Mpishi hatoi mkono wake wote, mwalimu. Nikiutoa, nani ataniita tena?”

“Sikulaumu. Mafundi wengi wanakuja na desturi hiyo,” alisema Lutengano. “Lakini wanafunzi wamekuja kujifunza jambo lile lile ulilolificha. Rudi nyumbani ukafikiri. Mwezi ujao utafundisha tena. Ukirudia hivi, sitaweza kukupitisha.”

Njiani kurudi Iringa Batuli hakutulia. Basi liliposimama Chimala alinunua mchele mpya, uliotoka mashineni siku hiyo, kwa sababu tu mikono ilitaka kazi. Moyoni alibishana. Akitoa siri atapoteza harusi. Asipoitoa atapoteza darasa. Alijaribu kutafuta njia ya tatu mpaka basi likapita Igawa, likapita Makambako. Hakuipata.

Nyumbani alimkuta Esta akimngoja barazani. Huyu alikuwa mmoja wa wanafunzi wake wa Kihesa, binti wa Kihehe kutoka kijiji cha Idodi.

“Kamwene, mama,” alimwamkia kwa Kihehe.

“Kamwene, mwanangu. Mbona umevimba macho?”

Esta alianza kulia upya. Mdogo wake alikuwa amepata kipaimara, na familia ikamkabidhi yeye jiko. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupikia watu wengi.

“Nilifanya yote uliyotuonyesha, mama. Maji nilitia kwa kipimo kile kile nilichokichungulia darasani. Pilau ikawa bokoboko. Mjomba Adrian akasema watu wagawiwe vijiko vya uji.”

“Mchele ulitoka wapi?”

“Wa Igawa. Mpya kabisa.”

Batuli alifumba macho. “Watu walisemaje?”

“Walisema, huyu si ndiye anafundishwa na Bi Batuli wa Mshindo?” Esta alijifuta kwa kanga. “Nisamehe mama, nimekuharibia jina. Niambie tu, nilikosea wapi?”

Aibu ilimshika Batuli. Binti wa watu alikuwa anamwomba msamaha kwa kosa ambalo si lake. Jina alilokuwa akilichunga kwa kuficha, lilichafuliwa kule Idodi kwa sababu ya kuficha huko huko.

“Hukukosea,” alisema. “Wakati wa maji nilikutuma mkaa. Njoo jikoni.”

Alimimina mchele aliotoka nao Chimala kwenye bakuli. Kwenye bakuli la pili akamimina mchele wa mwaka jana.

“Ng'ata punje ya huu. Sasa ng'ata ya huu.”

Esta aling'ata. “Huu wa zamani ni mkavu, unakatika kwa mlio. Huu mpya laini kidogo.”

“Eeh! Mchele mpya una unyevu wake ndani, hauhitaji maji mengi. Wa zamani, kama ule wa darasani, umekauka, unakunywa. Hakuna kipimo kimoja cha maji. Ng'ata kwanza, ndipo upime. Ukiwa na wasiwasi, pika kidogo pembeni uone.”

“Ni hivyo tu, mama?”

“Ni hivyo tu,” alisema Batuli, na yeye mwenyewe akashangaa jinsi siri ile ilivyokuwa ndogo baada ya kuisema.

Mwezi uliofuata alisimama tena Mbeya mbele ya Lutengano. Vitunguu viliiva, viungo vikanukia. Wakati wa maji ulipofika, mdomo wake ulianza wenyewe kwa mazoea.

“Haya, nendeni mka...” Akajikatiza. “Nendeni wapi? Hebu sogeeni! Kila mtu achukue punje ang'ate.”

Wakang'ata. Akawauliza wanaonaje, wakabishana, akawaacha wabishane. Kijana aitwaye Benjamini alitaka kutia maji mengi mno kwenye sufuria la kundi lake. Mkono ulimwasha Batuli vibaya. Aliufunga nyuma ya mgongo.

“Tia unavyoona. Kisha tutalinganisha na la wenzako,” alisema.

Sufuria moja lilitoka pilau, la pili likatoka bokoboko. Benjamini alieleza mwenyewe mbele ya wenzake kwa nini. Alieleza vizuri kuliko Batuli angeeleza. Lutengano alifunga kalamu yake, akamwendea.

“Leo umefundisha, mwalimu,” alisema.

Mwaka uliofuata darasa la mapishi la Kihesa halikufungwa. Wakaguzi walikuja, wakauliza vyeti, na Bi Batuli akatoa viwili kabla hawajamaliza sentensi. Wazazi walileta vijana wengi mpaka Mwalimu Liberatus akaomba jiko la pili. Hata Mrisho alifika na mpwa wa mkewe, akiomba nafasi, na hakusema neno kuhusu jamaa yake wa vyeti.

Kisha ikaja harusi ya binti wa Mzee Adamu, hapo hapo Mshindo. Familia ile ilipita mlangoni kwa Batuli, ikaenda mpaka Kihesa, ikamchukua Esta awe mpishi mkuu.

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma sana. Kile alichokiogopa tangu mwanzo kilimfika, tena mtaani kwake. Siku ya harusi alivaa vizuri, akaketi kwenye mkeka na akina mama wengine, mgeni kama wageni. Devota alikuwa kando yake. Sahani za pilau zikaletwa kutoka jikoni kwa Esta.

Batuli alichukua tonge, akatafuna taratibu. Alitafuta punje iliyovunjika, hakuiona. Alitafuta maji yaliyozidi, hayakuwapo. Kitu kikampanda kifuani, akakimeza pamoja na tonge. Ilikuwa fahari, nayo ilikuwa na uchungu kidogo ndani yake.

“Vipi, mwalimu?” Devota alimuuliza. “Mwanafunzi wako amepita?”

Akina mama wote waligeuka wasikie.

“Chumvi imezidi,” alisema Bi Batuli, akanyoosha sahani aongezwe.