Sauti Katika Stoo ya Mahindi

Kila siku masomo ya mchana yalipokwisha, Mogesi alichukua ufunguo ofisini akaenda kufagia chumba cha kompyuta. Alikuwa msichana wa darasa la sita katika shule moja ya msingi huko Nyansurura, na yeye ndiye alikuwa kiranja wa chumba hicho. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi ya uji. Harufu ya pumba haikuwahi kutoka, na dirisha lake dogo lenye nondo liliingiza mwanga mdogo hata jua likiwa kali. Mogesi alianza na sakafu, akaenda kwenye utando wa buibui, kisha akamalizia na vumbi la kompyuta mbili zilizofunikwa kwa vipande vya kitenge.

Jumatatu ile umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wenzake walikuwa wakicheza mpira upande wa pili wa shule, kelele zao zikifika kwa mbali. Mogesi alikuwa ameinama chini ya meza na ufagio taa ilipowaka ghafla. Kompyuta ya pembeni, ile iliyokaa karibu na ukuta, ikaanza kuguruma taratibu. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Mogesi akasimama. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha bluu. Kisha spika zikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, kifupi na kikavu. Ikafuata fimbo ikigonga chini. Halafu sauti, karibu kabisa na sikio lake:

"Mama! Mama Mogesi! Njoo hapa."

Mogesi aliijua sauti hiyo. Mtu mmoja tu duniani alimwita hivyo, naye alikuwa amelala kaburini nyuma ya nyumba yao, karibu na migomba, tangu kabla ya mvua za mwaka jana. Babu Machage alimwita mjukuu wake "mama" kwa sababu Mogesi alipewa jina la mama mzazi wa mzee huyo. Kwao mtoto akirithi jina la mtu, hurithi na nafasi yake nyumbani. Ndiyo maana hata bibi yake, Modesta, alimwita "mama mkwe" na kumlalamikia kama wakwe wanavyolalamikiana.

"Mama! Umenisikia?"

Mogesi akatupa ufagio, akatoka mbio.

Nusura amgonge Nchagwa, mwanafunzi mwenzake wa darasa la sita, aliyekuwa akifuata mpira uliopotea.

"Wewe, umeona nyoka?"

"Babu ameniita."

"Babu yupi? Yule tuliyemzika?" Nchagwa alitaka kucheka, akaacha. "Uliitika?"

"Hapana."

"Afadhali. Marehemu akikuita usiitike. Ukiitika, unamfuata. Shangazi yangu aliniambia." Akaokota mpira wake. Alipofika mbali kidogo akageuka, "Akikuita tena, mwambie mama yake yuko shule!"

Mogesi hakucheka. Usiku ule hakula vizuri, na nyumbani hakumwambia mtu.

Kesho yake umeme ulikatika tena, ukarudi wakati wako darasani wakifanya hesabu. Ndani ya ukimya wa darasa, kutoka ng'ambo ya uwanja, Mogesi akaisikia ikipita kama upepo chini ya mlango. *Mama.* Aliangalia wenzake. Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia madaftari. Wote walikuwa na kalamu mkononi, na hakuna aliyesikia. Kwa hiyo ilikuwa kweli, akawaza. Anayeitwa ni yeye peke yake.

Mwalimu Nikolaus, mwalimu wa kompyuta, alikuwa mjini Mugumu kwenye semina mpaka Ijumaa. Kabla ya kuondoka aliwaonyesha wanafunzi wa klabu ya kompyuta jinsi ya kusafisha ile kompyuta ya kwanza iliyojaa virusi. Unachomeka flashi yenye mfumo wa kuendesha kompyuta, unawasha, unachagua diski kuu, unaifuta yote, kisha mfumo mpya unaingia. "Diski kuu ndiyo kumbukumbu yake," alisema. "Ukiifuta, haijui tena hata ilikuwa ya nani." Nchagwa aliponyoosha kidole kwenye kompyuta ya pili, ile ya pembeni, mwalimu alitikisa kichwa. "Hiyo msiiguse. Ina vitu vya watu, bado sijavihamisha."

Flashi ilibaki kwenye kopo la chaki.

Jumanne jioni, jua likiwa bado juu ya mlingoti wa bendera, Mogesi aliingia ndani akajifungia. Aliziba masikio kwa vipande vya kitambaa. Akachomeka flashi kwenye kompyuta ya pembeni. Hatua alizikumbuka vizuri, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi msikivu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika kwamba kila kitu kifutwe. Wakati huo kivuli kikapita dirishani. Huenda kilikuwa cha mbuzi, au cha mtu. Mogesi hakugeuka. Akabonyeza.

Mstari ukaanza kutambaa kwenye kioo, polepole sana, kama mdudu anayevuka ukuta. Alikaa akiutazama mpaka ukafika mwisho. Mfumo mpya ulipomaliza kuingia, kioo kilikuwa safi na kitupu, kama nyumba ambayo watu wake wamehama.

Alidhani sasa atapumua. Lakini Jumatano umeme uliporudi alikuwa mlemle chumbani akifagia. Kompyuta ikawaka yenyewe kama kawaida. Spika zikatoa mvumo mdogo. Mogesi akasubiri kikohozi. Hakikuja. Akasubiri fimbo. Haikuja. Ukimya ule ulimtisha kuliko sauti yenyewe, kwa sababu ulikuwa kama wa mtu aliyekuwa akisema, akazibwa mdomo.

Mlango ukasukumwa, akaruka. Alikuwa Nchagwa na flashi ya kaka yake.

"Mbona hii imekuwa tupu? Nani kaisafisha?"

"Mwalimu," alisema Mogesi. "Kabla hajaondoka."

"Basi ina nafasi! Ngoja niweke filamu za kaka."

Mogesi angeweza kumkataza. Lakini kumkataza kungeleta maswali, na maswali yangefika kwake. Akakaa kimya. Nchagwa akaanza kazi, na Alhamisi akarudi na filamu nyingine.

Alhamisi hiyo jioni Mogesi alikuwa akipukuchua mahindi na bibi yake uani.

"Mama mkwe," alisema bibi Modesta, "kesho nitakuja shuleni kwenu. Uniandalie mahali pa kukaa, siyo kuniacha nimesimama kama mtu anayedai."

"Kufanya nini, bibi?"

"Kumsikiliza mzee wangu. Mwalimu Nikolaus alikuja hapa siku nyingi kumrekodi, kabla hajaugua sana. Habari za zamani, njaa, safari, ng'ombe. Hukuona? Wewe ulikuwa na michezo yako. Sauti zake ziko kwenye kompyuta yenu. Mwalimu akasema akirudi kutoka semina nije."

Gunzi likaanguka kutoka mkononi mwa Mogesi.

Bibi aliendelea, macho yake kwenye ungo. "Uso wake nauona nikifumba macho. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Juzi nilijaribu kukumbuka alivyokuwa anacheka. Nikasikia kimya tu." Akautikisa ungo. "Mbona umeacha? Mahindi yamekuuma?"

"Hapana, bibi. Hakuna kitu."

Usiku ule Mogesi hakuogopa tena kuitwa. Alichoogopa ni kwamba hataitwa tena kamwe.

Ijumaa bibi Modesta alifika mapema kuliko mwalimu. Alivaa gauni lake la kanisani na kujifunga kitambaa kipya kichwani. Wanafunzi walimwamkia, "Shikamoo, bibi," naye akamwitikia kila mmoja marahaba yake, bila haraka, kama mgeni aliyealikwa. Mogesi akamwendea. Mbele yao mlango wa stoo ya zamani ulikuwa wazi kidogo.

"Yumo humu?" aliuliza bibi kwa sauti ya chini. "Tuingie basi tumsalimie."

Mogesi akashindwa. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akasema yote: kikohozi, fimbo, maneno ya Nchagwa, flashi, mstari uliotambaa. "Nimemfuta, bibi. Nimemfuta mimi."

Bibi Modesta akamtazama pale chini. Upepo ulipeperusha ncha ya kitambaa chake.

"Ulimwogopa babu yako?"

"Nilidhani ananiita nimfuate."

"Umfuate wapi? Mzee yule hata mnadani hakwenda bila kushikwa mkono." Sauti yake ilitaka kucheka, ikakatika. Akafuta macho kwa kiganja. "Simama. Twende ofisini tumpigie mwalimu wako."

"Atanichapa."

"Labda. Twende."

Mwalimu Mkuu alipiga simu, akampa Mogesi aeleze. Mwalimu Nikolaus alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo Mogesi hakulitegemea.

"Baada ya kufuta, kuna mtu ameitumia?"

"Nchagwa, mwalimu. Anaingiza filamu. Nafikiri yumo ndani hata sasa."

"Chomoa waya! Usizime taratibu, chomoa! Mtu asiiguse mpaka nifike!"

Mogesi alikimbia kuvuka uwanja. Kweli Nchagwa alikuwa amekaa mbele ya kioo, mstari wa kijani ukisogea.

"Wewe! Imebaki kidogo tu!"

Mogesi akashika waya kwa mikono miwili, akauvuta. Chumba kikawa kimya.

Mwalimu Nikolaus alifika mchana, vumbi la barabara likiwa bado kwenye nyusi zake. Hakugomba. Alifungua kompyuta kwa bisibisi, akaitoa diski, akaiunganisha na ile kompyuta ya kwanza, na kuanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Wakati inatafuta aliwageukia Mogesi, Nchagwa na bibi.

"Kufuta kwa haraka kama ulivyofanya ni sawa na kung'oa alama za mipaka shambani," alisema. "Mahindi bado yamesimama. Ila hakuna alama, kwa hiyo yeyote anayekuja anadhani ni pori, analima juu yake. Mfumo mpya umelima sehemu. Filamu zimelima sehemu kubwa zaidi."

Nchagwa aliinamisha kichwa. "Mwalimu, mimi sikujua. Aliniambia ni wewe uliyesafisha."

"Najua. Nami nina langu. Niliitega kompyuta iwake umeme ukirudi, na ianze kucheza rekodi moja, ili nikifika niandike maneno ya mzee bila kupoteza muda. Sikuwaambia. Wala sikuweka nakala mahali pengine. Bibi, nisamehe."

"Tuone kwanza kilichobaki," alisema bibi Modesta.

Programu ilimaliza kazi jua likianza kushuka. Mwalimu alifungua rekodi moja baada ya nyingine. Ya njaa ilitoa mlio tu, kama mvua juu ya bati. Ya safari, hivyo hivyo. Ya ng'ombe haikufunguka. Bibi alihesabu kila iliyokufa kwa kukunja kidole. Ikabaki moja.

Mwalimu hakuifungua mara moja. Alimtazama Mogesi.

"Sikiliza, mwanangu. Ulifuta kwa sababu ya hofu, na hofu humpata kila mtu. Lakini ungeniambia Jumanne ileile, tungezipata karibu zote. Zile siku ulizonyamaza, na ule uongo mmoja uliompa Nchagwa, ndivyo vilivyolima juu ya maneno ya babu yako. Ukikosea, sema mapema, wakati kitu bado kinaweza kuokolewa. Kuanzia Jumatatu, wewe na Nchagwa mtakwenda nami kwa wazee wa hapa kijijini. Mtarekodi, na kila rekodi mtaiweka mahali pawili."

"Ndiyo, mwalimu," walijibu wote wawili.

Kisha akabonyeza.

Kikohozi kikavu. Fimbo ikigonga chini. Bibi Modesta alishika ukingo wa meza.

"Mama! Mama Mogesi! Njoo hapa... Mama! Umenisikia?"

Hapa ndipo Mogesi alipokimbia siku ile. Sasa alibaki. Spika zikatoa milio ya kuku, na kwa mbali nyayo za mtoto zikipita mbio. Kisha sauti ya mwalimu ikauliza, "Unamwita nani, mzee?"

"Mama yangu. Yule pale anayekimbilia mpira. Amenisikia, anajifanya kiziwi." Mzee akaanza kucheka, kicheko kizito kilichopanda polepole mpaka kikageuka kikohozi tena. "Mwache. Akichoka na mbio zake atakuja mwenyewe."

Rekodi ikakatika.

Bibi Modesta alikuwa akilia na kucheka. "Ndicho hicho," alisema. "Ndicho kicheko chake. Mwalimu, irudishe."

Mwalimu akairudisha. Kikohozi, fimbo, halafu ile sauti ikajaza chumba chote cha mahindi: "Mama! Mama Mogesi! Njoo hapa."

Bibi akamgusa mjukuu wake begani. "Mama mkwe, unaitwa."

Mogesi akasogea karibu na spika.

"Abee, babu," akaitika. "Nimekuja."