Fundi Koki Alipofunga Maji

Jamani majirani, sogeeni niwasimulie yaliyomkuta Fundi Koki, maana yanaweza kumkuta yeyote mwenye mtoto.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa imetulia. Fundi Koki alikaa kibarazani akipaka spana zake grisi, huku bintiye wa mwaka mmoja na nusu, waliyembandika jina Chiriku kwa kuwa hakujua kunyamaza, akimpigia soga kwa lugha yake mwenyewe. Bomba lililolisha nyumba nne za uani alilitandaza Koki kwa mikono yake, na kila akipita alilitupia jicho la majivuno.

Kabla ya adhuhuri Chiriku akaanza kuharisha maji matupu. Hadi jioni alikuwa ameharisha mara saba.

"Nimpe maji?" mkewe aliuliza.

"Maji tena? Bomba likivuja unafunga koki, mama Chiriku. Akinywa ndiyo yatazidi kutoka."

Mkewe alisita, lakini nani abishane na fundi? Wakamnyima maji, wakamnyima na uji.

Jumapili Koki aliamshwa na ukimya. Alimkuta mtoto amelegea, macho yametumbukia ndani, midomo imekauka, analia bila chozi. Akamkumbatia kifuani, akatoka mbio hadi zahanati, mkewe nyuma yake.

Nesi aliibana ngozi ya tumbo la mtoto. Ikarudi polepole mno. "Amekunywa nini tangu jana?"

"Hajanywa kitu. Nilizuia ili asizidi kuharisha."

"Baba, mtoto si bomba. Anavyopoteza maji ndivyo unavyomrudishia. Kinachoua ni kukaukiwa."

Alichanganya pakiti nzima ya dawa ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, akampa Koki kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena."

Mikono iliyozoea spana ikashika kijiko. Alinywesha hadi kiuno kikamuuma, asikubali kupokewa. Alasiri Chiriku akamkojolea suruali, na Koki akacheka huku anafuta machozi. Niambieni, mkojo gani umewahi kupokewa kwa shangwe namna hiyo?

Nesi aliwapa vidonge vya zinki, akasisitiza wavimalize hata kuharisha kukikoma, na waendelee kumlisha. Kisha akauliza, "Maji ya kunywa mnatoa wapi? Watoto wawili wa uani kwenu wameletwa hapa wiki hii."

Koki akanywea. Nyuma ya choo bomba lake lilipita mtaroni, na pale lilipopasuka alilizungushia mpira wa tairi, kwa muda tu. Muda wenyewe ulikuwa miezi minane. Maji yalipokatika, bomba lilinyonya uchafu wa mtaro.

Angeweza kulitengeneza kimyakimya. Nani angejua? Lakini Jumatatu aliwaita majirani, mpira ule mkononi.

"Niliufunga mimi. Watoto wenu wameugua kwa uzembe wangu. Nisameheni."

Jirani mmoja, mshona viatu, ambaye mwanawe naye aliugua, alimkazia macho. "Umetuumiza, fundi." Akakunja mikono ya shati. "Haya, tuonyeshe pa kuchimba."

Walichimba siku mbili, wakalihamisha bomba mbali na mtaro. Kando ya choo Koki akafunga bomba la kunawia, na sabuni ikaning'inizwa kwa kamba. Mkewe alimtazama akiwa ametapakaa tope.

"Ulipotandaza bomba lile la kwanza nilijivuna," alisema. "Leo nimejivuna zaidi."

FUNZO

Mtoto akiharisha, usimfungie maji. Mpe dawa ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, mnyonyeshe, mlishe. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, anatapika kila kitu au hawezi kunywa, kimbia zahanati; usingoje kupambazuke. Na kabla ya hayo yote, chemsha maji ya kunywa, funika chombo chake, nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Ukikosea, sema mapema. Koki alisema, na hadi leo uani kwao watu wakimwita fundi, wanaliita jina hilo kwa sauti na kwa heshima.